Mkono wa Kumsalimia Baba Mkwe

Nyuma ya stendi ya Buzuruga, pale njia ya kupandia Kiseke inapojipenyeza kati ya mawe mawili makubwa, kuna benchi la mvule ambalo tangu litengenezwe halijalegea msumari hata mmoja. Mvua imelinyeshea, jua limelichoma, watu wazito wamelikalia wakibishana mpaka mate yanaruka, lenyewe limetulia tu. Alilitengeneza Masele miaka tisa iliyopita, kwa ubao uliobaki alipomaliza mtumbwi wa watu wa Igombe. Siku hizo alikuwa na mikono miwili. Leo Jumamosi, saa tatu asubuhi, amekaa juu ya benchi lake mwenyewe, mkono wa kulia wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini chini kidogo ya kiwiko. Mfukoni ana fomu ya Chuo cha uhandisi, na gari la Chuo linakuja kuichukua saa nne. Kwenye fomu hiyo kuna nafasi mbili bado hazijajazwa. Wenzake wanajua moja tu.

Wenzake ni watatu, na ni vizuri uwajue mapema, maana wakianza kusema hutapata upenyo wa kuuliza. Wa kwanza ni Abubakary, mwenye birika, ambaye watu wote wanamwita Abuu. Huuza kahawa akiwa amesimama na hajawahi kukubali kwamba naye ni mbishi. Wa pili ni Seif, fundi wa mashine za mitumbwi, anayeitwa Pistoni, na ukikaa mahali ambapo upepo unatokea kwake utanusa petroli mpaka mchana. Wa tatu ni Yeremia, mlinzi mstaafu, anayeitwa Taarifa kwa sababu ana redio ndogo isiyozimwa na mdomo wa namna hiyohiyo.

Kijiwe hiki kina desturi moja ambayo haijawahi kutamkwa. Abuu akimmiminia mtu kahawa humpa mkononi. Akimmiminia Masele, hukiweka kikombe ukingoni mwa benchi, halafu anageuka kidogo kama anatafuta kitu kwenye kapu. Masele hukiokota mwenyewe kwa kushoto. Kwa namna hiyo hakuna anayelazimika kuona mtu mzima akipokea kitu kwa mkono wa kushoto, na Masele halazimiki kuomba radhi kila asubuhi. Wameishi hivyo miaka saba.

Katikati ya benchi kulikuwa na kopo la karanga. Kila mtu alikuwa akichota, isipokuwa mwenye kopo.

— Haya, fundi, alisema Pistoni. Muda unakwenda. Huo mkono wa mashine unafundishwa namna tatu za kushika, sivyo?

— Tatu kwa kuanzia, alisema Masele. Wamesema kichwa chake bado kidogo. Ukiujaza mambo mengi unachanganyikiwa.

— Na mbili umeshaandika.

— Mbili nimeandika. Kushika patasi, na kufinya tonge.

— Patasi sawa, alisema Abuu. Tonge sawa. Ya tatu ni kikombe. Hapo hakuna mjadala. Mtu anakunywa kahawa kila siku ya Mungu, halafu mkono wake haujui kikombe?

— Kikombe atashika kwa kushoto, alisema Pistoni. Ya tatu ni kuvuta kamba ya mashine. Mtu anaunda mtumbwi, anashindwa kuwasha mashine yake mwenyewe mpaka aniite mimi? Nikiwa nimefariki?

— Ukifariki tutamwita fundi mwenye bei nzuri, alisema Abuu.

— Subirini, alisema Taarifa, akapunguza redio, jambo ambalo kwake ni sawa na mtu mwingine kuvua kofia. Nyinyi mnazungumzia kushika. Mimi nauliza, huo mkono unashikwa na nani? Ndani yake kuna kompyuta. Kompyuta ina mwenyewe. Mwenyewe yuko Chuo, kakaa kwenye kiti cha kuzunguka, anakula biskuti. Wewe uko kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti anauliza wanaokubali kuchangia ujenzi wa ofisi wanyooshe mikono. Wewe hukubali. Yule kule anabonyeza. Mkono huo juu.

— Acha uongo, Taarifa.

— Juu kabisa. Na kuushusha huwezi.

Pistoni alicheka mpaka akamwagia kahawa suruali. Masele naye alicheka, kwa sababu ilikuwa vigumu kutocheka, lakini moyo wake haukuwepo. Ulikuwa ng'ambo ya maji, Nansio, kwenye nyumba ya bati jekundu ambayo hajaiona kwa miaka mitano.

Mambo ya Chuo yalianza mwezi wa pili. Binti mmoja aliyekuwa akisomea huko alipita mialoni, kunakotia mitumbwi ya wavuvi, na kwenye karakana akiuliza mafundi waliopoteza viungo. Masele alikwenda kwa kutaka kujua tu, hivyo ndivyo alivyowaambia wenzake. Wakamweka kwenye kiti, wakamfunga mkanda wenye vidude vya chuma baridi kwenye ule mkono uliobaki nusu, wakamwambia afikirie anafanya kazi aliyoizoea. Akafumba macho. Akafikiria anasindilia pamba kwenye maungio ya mbao, ile kazi ya mwisho kabla mtumbwi haujapakwa lami, unapoisukuma pamba kwa ncha ya patasi kidogo kidogo ili maji yasipate njia. Alipofumbua macho, kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mkono uliochorwa, na mkono ule ulikuwa unasindilia pamba. Dole gumba lilikuwa linakaza na kulegeza sawasawa na lake la zamani.

"Baba, vidole vyako havijaacha kazi," binti akamwambia.

Masele alilia mle ndani mbele ya watoto wa watu waliovaa makoti meupe. Hilo hakuwasimulia kijiweni. Kwa miaka saba alikuwa akihisi vidole vile vinawasha, vinauma, vinajikunja, na kila aliyemweleza alimwambia ajizoeze kusahau. Sasa mashine imesema vipo. Aliposhuka kilima cha Chuo siku hiyo alikuwa anawaza jambo moja tu, nalo halikuwa patasi.

— Mimi ya tatu ninayo, alisema Masele.

Wote wakamgeukia.

— Kusalimia. Kusalimia baba mkwe.

Abuu akashusha birika.

Kila mmoja pale aliijua habari ya Selina, mke wa Masele, ila ilikuwa haizungumzwi. Mashine ya kupasulia mbao iliuchukua mkono wa Masele asubuhi moja ya kiangazi, na Selina ndiye aliyemuuguza, akamwogesha, akamfunga vifungo vya shati. Masele aliyavumilia yote hayo kwa sababu yalifanyika ndani. Halafu ikaja harusi ya mdogo wake Masele, kule Kisesa. Wanaume walikaa kwenye mkeka kuzunguka sinia, ugali na sato, na Masele akakaa nao akiwa ameweka kushoto chini ya paja. Hakutaka kuchovya mkono wa kushoto kwenye sinia la watu. Akasema ameshiba. Selina alikuwa anapita na jagi la maji ya kunawa. Akamwona. Akajua kwamba tangu alfajiri mume wake hajatia kitu tumboni. Akapiga magoti pembeni yake, akafinya tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akampelekea mdomoni mbele ya wote.

Masele aliupiga ule mkono. Tonge likaanguka kwenye mkeka. Mtu mmoja akacheka.

Selina aliliokota tonge, akapangusa mkeka, akaendelea kunawisha watu. Wiki mbili baadaye aliaga kwamba anakwenda Nansio kumwona mama yake anayeumwa. Mama alipona. Selina hakurudi. Na Masele, badala ya kupanda meli siku ileile, alituma ujumbe kwa mtu: mwambieni nitamfuata nikiwa mzima. Maana utamwendeaje mzee wa watu, Mzee Nathaniel, aliyekukabidhi binti yake, ukampa mkono wa kushoto? Mkono wa kulia ndio unaotolewa, na kushoto unaushika wa kulia chini ya kiwiko kwa heshima. Masele hakuwa na wa kutoa, na wa kushoto haukuwa na cha kushika. Basi akasubiri. Mwaka ukapita, na mwingine, na kila asubuhi alikuwa anaamka akiwa na hamu naye inayoumiza kifua, anakuja kukaa kwenye benchi.

— Kusalimia, alirudia Pistoni taratibu. Hapo sasa umesema jambo la kiume. Lakini kama fundi wa mashine, nikuulize. Huo mkono una nguvu kiasi gani?

— Wanasema unaweza kubonyeza kopo la soda.

— Mzee Nathaniel ana miaka mingapi?

— Themanini na kitu.

— Basi ndio hapo. Unapiga hodi. Shikamoo baba. Mzee anakupa mkono, mifupa imebaki kama ya kuku. Mashine inafikiri ni kopo la soda.

— Si itapimwa? alisema Abuu. Wasomi wale hawawezi kukosa kupima.

— Tuseme imepimwa, Taarifa aliingia. Tuseme imeshika vizuri, kwa adabu zote. Halafu chaji inaisha. Au inajifunga humohumo. Sasa mzee wa watu yuko mlangoni, wewe uko mlangoni, mmeshikana, haachiwi. Wataleta viti mkae. Wataleta chakula mle. Jioni watu wanatoka shamba wanawakuta bado mnasalimiana.

— Mpaka aende mtu Chuo kuleta ufunguo, alisema Pistoni.

— Na meli imeshaondoka. Mnalala hivyohivyo. Mzee akienda msalani unakwenda naye.

Masele alifunika uso kwa mkono wake mmoja. Mabega yalikuwa yanatikisika.

— Sasa mimi hilo silijali, alisema Abuu, ambaye hucheka mwisho na kwa muda mfupi. Kuna jambo kubwa zaidi. Siku ya hesabu, viungo vya mtu vitasimama kushuhudia. Mkono utasema nilifanya hiki, nilichukua kile. Sisi tunalijua hilo. Sasa huu wa plastiki utasimama upande gani?

— Hautasimama, alisema Pistoni. Hauna roho.

— Hauna roho, lakini una kumbukumbu. Fundi mwenyewe amesema unafundishwa unakumbuka. Kilicho na kumbukumbu kinaweza kuitwa shahidi.

— Hata ukiitwa, alisema Taarifa, utatoa ushahidi kwa lugha gani? Umefundishwa kwa Kiingereza. Masele atasimama pale anashtakiwa kwa lugha asiyoijua.

— Kutakuwa na mkalimani.

— Na akifa? Pistoni aliuliza. Mimi nataka kujua mtu akifa. Huo mkono ni mali ya Chuo. Mnazika mwili, kesho linakuja gari kuchukua mkono. Mwezi ujao unaona jamaa wa Buswelu anakusalimia sokoni, na huo mkono unakujua. Unakushika vilevile alivyokuwa anakushika marehemu.

— Hapo mimi nahama mji, alisema Taarifa. Akachota karanga, akatafuna, akakunja uso. Na hizi karanga, fundi. Nasema kila mwaka na leo narudia. Watu wa visiwani hawajui kutunza karanga. Karanga za kutuma safari zinatumwa na maganda yake. Ganda ndilo linaloziweka. Ukizimenya, ndani ya mwezi zimeanza uchungu. Mwambie mama.

Masele alimsogezea kopo. Karanga zile zilitoka Nansio. Kila mavuno, kwa miaka mitano, mtu anayeshuka kwenye meli humletea mfuko mmoja, bila barua, bila neno. "Zimetoka kwa Selina," basi. Mwaka wa kwanza aliuweka mfuko juu ya kabati mpaka ukaoza. Aliona ni dharau, kama mtu anayemtumia mgonjwa chakula huku hataki kwenda kumwona. Tangu hapo huzileta kijiweni, wazile wenzake. Yeye hajawahi kutia hata moja mdomoni.

Gari jeupe la Chuo liliegeshwa kando ya mtaro saa nne kasoro. Aliyeshuka alikuwa ni yuleyule binti wa Chuo, Gladness, amebeba faili, viatu vimejaa vumbi.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia wote wanne, na Taarifa akasogea kumpisha, akaongeza:

— Karibu mwalimu. Tumekufanyia kazi yako yote hapa, kilichobaki ni kuandika.

— Mimi bado mwanafunzi, baba.

Abuu alimimina vikombe viwili. Kimoja akampa Gladness. Cha pili, cha Masele, akakiweka ukingoni mwa benchi kama siku zote, akageukia kapu lake. Gladness hakuijua desturi. Aliona kikombe kimewekwa vibaya, karibu kianguke. Akakichukua, akamnyooshea Masele.

Pistoni akaacha kutafuna. Abuu akabaki ameinama kwenye kapu.

Masele alikiangalia kile kikombe. Kisha akautoa mkono wa kushoto chini ya paja.

— Samahani, alisema. Nakupokea kwa kushoto.

— Si ndio uliopo, baba, alisema Gladness, akaketi.

Alisema hivyo bila kufikiri, tayari anafungua faili, na Masele alibaki ameshika kikombe hewani muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kahawa ilikuwa ya moto. Hakuna kilichokuwa kimetokea. Mawe yalikuwa pale pale, na watu wa stendi walikuwa wanaita abiria kama kawaida.

Masele alimpa fomu, Gladness akaikunjua.

— Patasi, sawa. Tonge, sawa. Hili la tatu umeacha.

— Kusalimia, walisema wote kwa pamoja.

— Kusalimia ni kugumu, alisema Gladness. Patasi haiumii ukiibana. Mtu anaumia. Mkono unajifunza kusalimia kwa kumshika mtu yuleyule, siku nyingi, mpaka ujue kiasi chake. Ndiyo maana kuna nafasi hii nyingine hapa chini, naona pia umeiacha. Mtu wa nyumbani atakayekuja na wewe. Ni mara tatu kwa wiki, miezi minne. Mwanzoni huwezi kuufunga mikanda peke yako, wala kuufungua, wala kuutunza. Nani anakuja na wewe?

Hii ndiyo nafasi ambayo Masele hakuwaambia. Aliiona tangu siku ya kwanza. Alikuwa amejiambia kwamba labda hawataiangalia.

— Niandike mimi, alisema Pistoni.

— Wewe kazini utamwacha nani? Aandikwe Abuu, alisema Taarifa. Au mimi. Mimi nimestaafu, nina nafasi.

— Tuandike watatu, alisema Abuu.

Masele aliwaangalia mmoja mmoja. Lakini Gladness alikuwa anatikisa kichwa.

— Lazima awe anayelala nyumba moja na wewe, wazee wangu. Mkono unavuliwa usiku na kuvalishwa alfajiri. Baba, kwenye maongezi ulisema una mke.

— Ninaye. Yuko kwao, Nansio. Nilikuwa nimepanga nimfuate nikishapata mkono.

— Sasa mkono hautapatikana mpaka yeye awepo.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. Miaka mitano Masele alikuwa ameuweka mkono mbele na Selina nyuma yake. Mtoto wa watu ameketi hapa dakika kumi na kuvigeuza.

— Nafasi ni tano, Gladness aliendelea kwa sauti ya chini, na walioomba ni kumi na tisa. Mwalimu wangu anataka majina leo. Nikimwomba sana naweza kukushikia mpaka Jumatano. Zaidi ya hapo sitaweza.

Gladness, kwa kuona aibu ya kuwaharibia watu asubuhi yao, alichota karanga kwenye kopo. Akala moja. Akazitazama zilizobaki kiganjani.

— Za wapi hizi?

— Za huko huko Nansio, alisema Taarifa, akafurahi kupata pa kushika. Mama huzituma kila mavuno. Nzuri, lakini hawajui kuzitunza.

— Kila mavuno? Mfuko mzima?

— Mfuko mzima.

— Kwetu Geita bibi yangu hutuma na maganda, alisema Gladness. Kumenya mfuko mzima ni kazi ya siku kadhaa, vidole vinachubuka. Huyu kwa nini anazimenya?

Pistoni alimwangalia Abuu. Abuu alimwangalia Taarifa. Taarifa aliangalia karanga aliyokuwa ameishika, za namna ileile aliyoilalamikia miaka minne, akaanza kusema kitu kuhusu unyevu wa visiwani, akaacha katikati.

Kila mtu aliyewahi kumenya karanga anajua. Unaishika kwa mkono mmoja, unaipasua kwa mwingine. Mwenye mkono mmoja hana namna, labda atumie meno, au ajifungie ndani azigonge kwa jiwe kama mtoto. Selina alikuwa anakaa kwao, barazani, baada ya kazi zote za siku, anamenya karanga moja baada ya moja za mtu aliyempiga mkono mbele za watu. Anajaza mfuko. Anautuma. Mwaka unaofuata anakaa tena.

Masele aliweka kikombe chini. Akachota karanga kwa kushoto, akatia mdomoni. Zilikuwa na chumvi kidogo, zimekaangwa vile alivyozipenda, karibu kuungua. Alitafuna akiwa ameinamisha kichwa, na machozi yakamdondokea magotini, na safari hii hakutafuta pa kuyaficha.

— Nimemkosea sana, alisema. Nimemkosea mno huyu mwanamke.

Akajifuta uso kwa kiganja.

— Meli ya mchana inaondoka saa ngapi? aliuliza.

— Saa nane, alisema Pistoni. Nina pikipiki hapo. Nikupitishe nyumbani uchukue shati jingine.

— Shati hili linatosha.

— Na mzee Nathaniel? Abuu aliuliza kwa upole. Utamsalimiaje?

Masele alifikiri. Alimwona yule mzee mlangoni, anatoa mkono wake uliokauka, anasubiri. Hofu ilikuwa ileile ya miaka mitano, haikupungua hata kidogo.

— Nitamwambia samahani, nakupa wa kushoto, alisema. Akikataa kuupokea, nitakaa hapo hapo nje mpaka Selina atoke.

— Na asipotoka? Taarifa aliuliza, na sauti yake haikuwa ya redioni.

— Sijui, Yeremia. Sijui. Lakini nimechoka kukaa hapa bila kumwona.

Alisimama. Pistoni alikuwa ameshakwenda kuwasha pikipiki. Gladness alikuwa na kalamu mkononi, fomu juu ya magoti.

— Baba, jina la mama niliandike kabisa?

— Hapana. Hajakubali. Utaliandika Jumatano akiwepo.

— Na hili la tatu? Niandike kusalimia?

Masele aliichukua fomu, akaiangalia, patasi na tonge kwa mwandiko wake mbaya wa kushoto, na chini yake pale pasipo na kitu.

— Iache, alisema. Mimi nimechagua mbili. Selina akija, atakwambia mwenyewe anataka huo mkono ushike nini.

Akamrudishia. Akapanda pikipiki nyuma ya Pistoni, akamshika kiuno kwa mkono wa kushoto, wakashika njia ya bandarini.

Gladness aliaga, gari likaondoka. Abuu aliinamisha birika juu ya kikombe cha Taarifa, yakatoka matone mawili na machicha, kahawa ikawa imeisha. Taarifa hakulalamika. Alichukua karanga moja, akaiangalia pande zote, akairudisha koponi, akafunika kopo.

— Tumwekee, alisema.